Uwanja wa Mtoto katika Historia ya Buha

Yakitajwa matembezi ya familia nchini Tanzania, mawazo huruka moja kwa moja hadi Dar es Salaam: Jumapili jioni pale Coco Beach, mihogo ya kukaanga na pilipili yake, watoto wakifukuzana na mawimbi. Au huvuka maji hadi Zanzibar, kwenye bustani ya Forodhani. Kasulu na Kibondo hazimo katika picha hiyo. Hutajwa kwa maharage yake, kwa kambi za wakimbizi na kwa barabara ambayo kwa miaka mingi ilikuwa vumbi na tope. Ndiyo maana wengi huamini kwamba huku kwenye nyanda za juu za Kigoma mtoto hakuwahi kutembezwa, na kwamba furaha ya familia kutoka pamoja ni jambo la mjini ambalo sasa ndilo linafika pamoja na lami na umeme. Historia inatuonyesha vingine. Familia za Buha, yaani nchi hii ya Waha, zilikuwa na desturi yao ya kutoka na watoto tangu kale, na desturi hiyo ilikuwa na njia zake, majira yake na adabu zake. Kilichoidhoofisha hakikuwa umaskini peke yake. Kwa karibu miaka mia sasa, kila mamlaka iliyokuja kuwapanga upya watu wa nyanda hizi ilihesabu walipa kodi, nguvukazi, kaya na viwanja, na mtoto anayecheza akaachwa nje ya hesabu. Leo miji ya Kasulu na Kibondo inapangwa tena, na kosa lile lile linaweza kurudiwa.

Kabla ya ukoloni Buha haikuwa nchi moja. Zilikuwepo himaya kadhaa, kila moja na Mwami wake: Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, Buyungu kaskazini zaidi ilipo wilaya ya Kakonko leo. Watu hawakukaa kwa safu za nyumba. Kaya ilijitenga mlimani pake, migomba ikiizunguka, na jirani alikuwa ng'ambo ya bonde. Kwa makazi ya namna hiyo, mtoto hakuweza kuona umati wa watu mpaka asafiri, na safari zilikuwepo. Chumvi ya Uvinza, ambayo wataalamu wa mambo ya kale wamethibitisha kwamba imekuwa ikichemshwa kwa zaidi ya miaka 1,500, iliwavuta watu wa nyanda za juu kushuka hadi bonde la Malagarasi wakati wa kiangazi. Soko la Ujiji lilipokea mifugo, nafaka na asali kutoka milimani. Karibu zaidi kulikuwa na safari za kwenda ukweni na kwa wajomba, za kupeleka pombe ya ndizi kwenye harusi au kwenda kuhani msiba. Mtoto alikwenda kwa bibi mzaa mama akajua kwamba huko atadekezwa na kutaniwa na kusimuliwa hadithi usiku kucha, kisha atarudi nyumbani na kitu mkononi. Hayo ndiyo yaliyokuwa matembezi yake.

Gulio ndilo lililobeba desturi hiyo kwa muda mrefu kuliko yote, na linaibeba hadi leo katika masoko ya mpakani kama Mabamba na Manyovu. Ukitazama msafara wa kina mama wanaokwenda gulioni, utaona mtoto wa miaka mitano au sita akitembea nyuma ya mama yake na kikapu kidogo kichwani chenye maharage yasiyozidi kibaba kimoja. Mzigo ule haumsaidii mama kitu. Angeweza kuutia kwenye gunia lake asihisi hata tofauti. Amepewa ili naye awe na bidhaa yake, apange mbele yake, ajibu bei, na jioni anunue kipande cha muwa au andazi kwa pesa aliyoipata mwenyewe. Njiani ataonyeshwa kwa shangazi, ataamkia wazee, ataulizwa ni wa nani na ataambiwa anafanana na nani. Akifika nyumbani amechoka, lakini amewaona watu, na watu wamemwona.

Kuna atakayepinga kwamba hiyo ilikuwa kazi, si starehe, na kwamba kuiita matembezi ni kupaka rangi utoto uliokuwa mgumu. Pingamizi hili lina uzito. Mtoto wa kiume wa Buha alichunga ng'ombe na mbuzi tangu akiwa mdogo, na wa kike alibeba maji na mdogo wake mgongoni. Magonjwa yaliondoa wengi kabla hawajakua. Hakuna sababu ya kuyaficha hayo. Hata hivyo, kuweka kazi upande mmoja na starehe upande mwingine ni mazoea ya mtu anayelipwa mshahara na kupewa siku ya mapumziko. Jumapili ya Coco Beach inawezekana kwa sababu kuna Jumatatu ya ofisini. Katika kaya ya mkulima hapakuwa na siku iliyowekwa kando kwa ajili ya furaha, kwa hiyo furaha iliingizwa ndani ya shughuli. Kikapu kile kidogo ni ushahidi: mama asingehangaika kumfungashia mtoto maharage yasiyo na faida kama nia yake ingekuwa biashara tu. Alikuwa akimtoa mtoto wake nje, kwa njia aliyokuwa nayo.

Desturi hii ilipata pigo la kwanza kutokana na jambo jema. Katika miaka ya 1930 serikali ya Waingereza, ikipambana na ugonjwa wa malale unaoenezwa na mbung'o, ilizikusanya kaya zilizotawanyika za Buha katika makazi ya pamoja ambako vichaka vilifyekwa na ardhi ikalimwa mfululizo. Ulikuwa mradi wa kuokoa maisha, na haufai kubezwa. Lakini tazama ulivyopangwa: hesabu ilikuwa ya wadudu, vichaka na idadi ya kaya zinazotosha kuzuia pori lisirudi. Nani atakuwa jirani ya nani, na njia za kwenda kwa wajomba zitapita wapi baada ya maeneo mazima kuhamwa, hayo hayakuwa maswali ya daktari wa malale. Njia isiyopitwa na watu humezwa na pori, na mtoto hapelekwi kwa bibi kupitia pori lenye mbung'o na simba.

Pigo la pili lilikuwa zito zaidi, kwa sababu lilimwondoa baba. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914 ikipita upande wa kusini kupitia Uvinza, mbali na Kasulu na mbali zaidi na Kibondo. Baada ya Wabelgiji walioishika nchi hii tangu 1916 kuikabidhi kwa Waingereza mwaka 1921, Buha ikafanywa ghala la vibarua: kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, mazao ya biashara yalikuwa machache, na reli ilielekea mashariki, yalikokuwa mashamba ya mkonge ya Morogoro na Tanga. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuandikisha vibarua, SILABU, na Buha ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyotegemewa kutoa watu. Waliochukuliwa wakaitwa manamba, watu wa namba. Mkataba mmoja ulimweka mwanamume mbali na kwake kwa miezi mingi, na wengi waliufunga mwingine juu ya huo. Mashamba yalimtaka mtu mzima mwenye mikono miwili. Mtoto aliyebaki Heru au Muhambwe alikuwa na baba ambaye alimjua kwa blanketi, kwa kanga za mama na, mambo yakienda vizuri, kwa baiskeli iliyosukumwa kutoka kituo cha reli.

Desturi ya kutoka na watoto haikufa, ila ilihamia mikononi mwa wanawake na mwa makanisa. Misheni zilizoenea Buha, za Kikatoliki kama Kabanga karibu na Kasulu, na za Kianglikana ambazo kazi yake ilizaa Dayosisi ya Western Tanganyika mwaka 1966 yenye makao yake Kasulu, zilileta kitu ambacho kalenda ya kilimo haikuwa nacho: siku moja kila wiki ambayo familia huvaa nguo safi na kutoka. Kwaya ya watoto na mkesha wa Krismasi, nguo mpya ya sikukuu, kutembea kwa miguu hadi parokia na kurudi, kumtembelea baba wa ubatizo: hizo zilikuwa safari ambazo mama aliweza kuzisimamia bila kumngoja manamba arudi. Jumapili ya Buha haikuwa na bahari wala bembea, lakini ilikuwa na wimbo, watoto wa rika moja na barabara iliyojaa watu waliopendeza.

Na wapo manamba waliokwenda wasirudi. Familia nyingi za Waha zilibaki Tanga na Morogoro baada ya bei ya mkonge kuanguka katikati ya miaka ya 1960, na nyingine zikaingia Dar es Salaam. Kwa watoto waliozaliwa huko, matembezi makubwa ya utoto yalikuwa treni ya Kigoma. Ni kilomita zipatazo 1,250, safari ya karibu siku mbili treni ikienda sawa, daraja la tatu limejaa ndoo na magodoro, na madirishani wachuuzi wanaouza asali, kuku wa kuchemsha na mayai. Mtoto wa mjini alikuwa akipelekwa kutalii, na alichopelekwa kutazama ni mlima wa bibi yake. Hapa mkondo uligeuka: kama zamani mtoto wa Buha alishuka kutoka mlimani akaone watu wengi, sasa mtoto wa jiji alipanda mlimani akaone watu wake.

Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, sehemu ya mpango wa vijiji vya ujamaa, na kaya za milimani zikateremshwa hadi kwenye vijiji vilivyopangwa kando ya barabara. Mengi yameandikwa juu ya machungu ya zoezi lile: nyumba zilizoachwa na migomba iliyobaki bila mwenyewe. Kwa hoja yetu, lakini, haki itendeke, kwa sababu hapa ndipo pingamizi kubwa zaidi linaposimama. Operesheni iliwaleta watoto pamoja. Mtoto aliyekuwa na rafiki ng'ambo ya bonde sasa alikuwa na kumi mlango wa pili. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 na mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, shule zilisambaa vijijini, na shule ilikuja na uwanja wa mpira. Kwa vijiji vingi vya Kasulu na Kibondo, uwanja ule ndio ardhi pekee ambayo mtoto angeweza kusema ni yake. Ndipo lilipopigwa gwaride la sherehe za kitaifa, ndipo walipochaguliwa wachezaji wa UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, na ndipo mpira wa majani ya migomba ulipochezwa hadi giza likaingia.

Je, si kweli basi kwamba angalau mamlaka hii ilimkumbuka mtoto? Ilimkumbuka mwanafunzi, na tofauti hiyo ina maana. Uwanja wa shule ulipimwa kwa ajili ya mtaala na michezo ya mashindano. Haukuwa na kivuli cha mama kukaa na mtoto wa miaka mitatu, wala sehemu ambayo familia ingefika pamoja Jumapili. Wavulana wakubwa waliutawala, wasichana wakabaki pembeni. Zaidi ya hayo, haukulindwa na chochote isipokuwa matumizi yake. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 na wanafunzi kuongezeka kwa kishindo, shule iliyobanwa haina pengine pa kujenga darasa ila palipokuwa na goli. Hakuna mwalimu wa kulaumiwa kwa hilo, darasa linahitajika. Lakini ardhi ambayo mtoto hupewa kwa bahati, huondolewa kwake kwa dharura.

Mfano wa mpango uliomhesabu mtoto tangu mwanzo umo katika nyanda hizi hizi, na uko mahali ambapo wachache wangeutafuta: kwenye kambi za wakimbizi. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, maelfu kwa maelfu walivuka mpaka na kuingia Kibondo na Kasulu. Vita vya Kongo vikaleta wengine, na Nyarugusu ikafunguliwa mwaka 1996. Mtabila, Muyovosi, Kanembwa, Mkugwa, Nduta na Mtendeli yakawa majina ya kila siku. Mtabila ilifungwa mwaka 2012, kisha msukosuko wa Burundi wa mwaka 2015 ukasababisha Nduta na Mtendeli kufunguliwa tena, na Nyarugusu ikapita watu 100,000. Hayo yalikuwa makazi yenye ukubwa wa mji, na mashirika yaliyofanya kazi humo yalitenga ndani yake maeneo rafiki kwa watoto: turubai au banda, uzio, wasimamizi waliofunzwa, ngoma, kamba na mipira. Wataalamu walijua kwamba mtoto aliyeona vita hapati nafuu kwa chakula na dawa tu. Anahitaji kucheza, na kucheza kunahitaji mahali.

Kambi, hata hivyo, si kielelezo cha kuigwa kizima. Mkimbizi hakuruhusiwa kutoka bila kibali, na masoko ya pamoja, ambamo wenyeji na wakimbizi walikutana, yalifungwa mwaka 2019. Mtoto wa Nyarugusu alikuwa na uwanja bila safari: alipewa mahali pa kucheza, lakini hakuweza kumfuata mama yake gulioni na kikapu chake kidogo. Mtoto wa Kasulu mjini, ndani ya wilaya hiyo hiyo, ana safari bila uwanja: yuko huru kwenda popote, lakini akifika hakuna palipoandaliwa kwa ajili yake. Ukiwaweka wawili hawa pamoja unapata kipimo cha mtoto aliyekumbukwa. Anahitaji uhuru wa kwenda na mahali pa kufikia, na historia ya Buha haijawahi kumpa vyote viwili kwa wakati mmoja.

Sasa mji unakuja kwa kasi. Mwaka 2022 Kigoma iliingizwa kwenye gridi ya taifa baada ya miaka ya kutegemea majenereta, na barabara ya lami inayounganisha Kabingo, Kasulu na Manyovu inabadilisha maana ya umbali. Bodaboda, maduka na nyumba za wageni zimejaa. Mtoto naye anatoka, lakini anakwenda wapi? Kijana wa kiume huenda kibanda umiza kutazama mpira wa Ulaya katika chumba kisicho na hewa, kati ya watu wazima. Familia yenye uwezo siku ya Krismasi au Idd huenda kwenye baa au hoteli iliyoweka bembea mbili uani, na gharama ya bembea ni soda na nyama choma. Asiye na pesa hubaki mtaani, na mtaa umekuwa wa pikipiki. Wapo wasemao kwamba watoto wapelekwe Kigoma: kuna ziwa, kuna kumbukumbu ya Ujiji walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871, kuna Hifadhi ya Gombe iliyoanzishwa mwaka 1968. Safari za shule kwenda huko ni jambo zuri, na zifanyike zaidi. Lakini nauli na chakula cha watu sita kwenda ziwani ni matumizi ya mara moja kwa mwaka, wakati utoto ni wa kila siku.

Pingamizi la mwisho ndilo husemwa zaidi kwenye vikao: mkoa wenye upungufu wa maji, dawa na madarasa hauwezi kupoteza fedha kwa bustani za watoto. Jibu la kwanza ni la kisheria. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na ibara ya 31 inataja mapumziko na michezo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inataja mapumziko na burudani pamoja na afya, elimu na makazi. Jibu la pili ni la hesabu. Kinachohitajika sasa si fedha nyingi. Ni ardhi, na ardhi ni rahisi kuitenga kabla mji haujajaa. Viwanja vya Mnazi Mmoja jijini Dar es Salaam viliachwa wazi na wakoloni kwa nia mbaya, ili kutenganisha makazi ya Waafrika na ya jamii nyingine. Nia ile imekufa. Ardhi imebaki, na watu wa rangi zote wameitumia kwa mikutano, sherehe na mapumziko. Ikiwa eneo lililoachwa kwa ubaguzi limeweza kuwafaa watu kiasi hicho, eneo litakaloachwa kwa upendo katika Kasulu na Kibondo litawafaa vizazi vingapi?

Kwa hiyo wito wangu ni kwa halmashauri, kwa wenyeviti wa mitaa na vijiji, na kwa wazazi wenyewe. Upimaji wa viwanja unapofanyika, eneo la watoto lichorwe kwenye ramani kabla ya la maduka, liwe karibu na gulio na nyumba za ibada ambako familia tayari huenda, lipandwe miti ya kivuli, liwe na choo na maji, na libaki kwa jina la umma. Ramani ikibandikwa ofisini, wazazi waende waisome. Mkutano mkuu wa kijiji au wa mtaa ukiitishwa kubadilisha matumizi ya uwanja, wafike na wakatae. Watu wa Buha wamepangwa na daktari wa malale, na mwandikishaji wa manamba, na viongozi wa operesheni, na safari zote hizo mtoto alisahauliwa. Safari hii mji unapangwa na watoto wa Buha wenyewe waliosoma na kukua humo. Wao hawatakuwa na mtu mwingine wa kumlaumu.